Nilimzika Baba, Baba Akanifuata Kazini

Kuna watu huzika mzazi wakarudi na macho mekundu. Mimi nilirudi na mzazi mwenyewe. Yuko hai, amenibebea begi, anapiga mluzi, na tangazo la kifo chake lilikuwa bado limebandikwa ukutani kazini kwangu.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha makaburini, nimejibanza nyuma ya umati kama mdokozi. Tulikuwa tumemfukia baba mkubwa, kaka yake baba, fundi cherehani aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu. Mjane wake, mama mkubwa, alinivuta kando akanitia kastabini ya marehemu kiganjani, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Kisha akaninong'oneza maneno machache niliyoahidi kuwaambia leo.

Nitawaambia. Lakini kwanza mjue nilichofanya, ili huruma yenu isiende mahali pasipostahili.

Ninashona kola. Kiwanda chetu kinatengeneza sare za shule, na katika mstari wetu kila mwanamke ana kipande chake cha shati. Nina stashahada ya lugha, imelala sandukuni. Kazini najua kola tu, kola mia mbili kwa siku, ncha mbili zilizolingana. Msimamizi wetu tunamwita Mama Sentimita, kwa sababu hata ukimwambia "habari za asubuhi" ataipima kwanza kabla ya kuipokea. Afisa utumishi tunamwita Bwana Kifungu. Huyo hana jibu lisilokuwa na namba.

Baba mkubwa alipozidiwa, nilikwenda kwa Bwana Kifungu kuomba siku tatu.

"Mgonjwa ni nani yako?"

"Baba mkubwa."

"Mkubwa?"

"Kaka yake baba."

"Ahaa. Basi huyo si mzazi, huyo ni ndugu. Kifungu cha kumi na nne: mzazi, mwenzi, mtoto. Rudi kwenye kola zako, dada."

Nikarudi kwenye kola zangu.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo linaloniamsha usiku. Maisha yangu yote nilimwita Baba. Baba kavu, bila mkia. Siku aliyonihitaji, mbele ya mtu aliyekuwa akitafuna kifuniko cha kalamu, nikamwongezea neno moja, "mkubwa", na neno hilo likamfanya mdogo. Ningeweza kusema "baba" nikanyamaza. Nisingekuwa nimedanganya. Nilijifanya msema kweli siku ambayo ukweli wenyewe ulikuwa mfupi zaidi.

Siku ya nne akafariki.

Nilirudi ofisini sina machozi wala haya. Fomu ya likizo ya msiba ina mstari unaosema "Uhusiano na marehemu". Nikaandika: Baba mzazi. Mstari wa chini yake, "Jina la marehemu". Nikaandika jina lake. Bwana Kifungu, aliyekwisha kusahau habari za mgonjwa wangu, akafungua jalada langu.

"Hapa baba yako ana jina jingine la kwanza."

Majina yao mawili ya mwisho ni yaleyale, watoto wa mtu mmoja. Tofauti ni lile la kwanza tu.

"Nimekosea," nikasema. "Mkono unatetemeka."

Nikalikata jina la baba mkubwa kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika jina la baba. Sekunde tatu hazikufika. Aliyekufa nikamfuta, aliye hai nikamuua. Nikapewa siku saba na pole nyingi.

Sasa tuje kwenye safari ya kurudi.

Baba ni dereva wa malori mstaafu. Mama alipofariki, alinipeleka kwa kaka yake "kwa miezi mitatu", na miezi hiyo ikanikuta nimevunja ungo. Utotoni nilimwita Baba Likizo, kwa kuwa alionekana shule zikifungwa, na zawadi, na nguo ambazo hazikuwahi kunienea kwa sababu alikumbuka kimo changu cha mwaka uliopita. Si mtu mbaya. Ningekuwa na baba mbaya, hadithi hii ingekuwa nyepesi.

Baada ya mazishi akasema tutarudi pamoja, mji wangu uko njiani kwake. Basi letu liliingia saa mbili asubuhi. La kwake lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: chai, alale kidogo, nimsindikize kituoni, na kazini niende kesho yake kama ilivyoandikwa kwenye ruhusa.

Nilipofungua mlango wa chumba changu, bahasha nyeupe ilikuwa sakafuni. Nikaikanyaga.

"Umekanyaga barua," baba akasema.

"Ni tangazo la maji tu."

"Basi lisome, tujue kama tutaoga."

"Maji yapo, Baba."

"Umejuaje bila kusoma?"

Nikaiokota, nikampa mgongo, nikaifungua. Kadi. "Pole mwenzetu kwa kuondokewa na baba mpendwa. Tuko nawe, mstari wa kola na vifungo." Sahihi ishirini na moja. Mmoja wetu, mtoboa matundu ya vifungo, hajui kuandika vizuri. Yeye alikuwa amechora kifungo chenye matundu manne, duara limepinda.

Nikaisukuma chini ya godoro.

"Maji yapo," nikasema.

Alioga, akatoka amevaa shati jeupe, kola imekaa kama imepigwa rula. Akaipitisha kidole.

"Hili kaka alinishonea. Alikataa kupima. Alisema, 'Mabega yako nayajua tangu nikikubeba mgongoni.'" Akapiga makofi mawili ya kujipa moyo. "Haya, vaa viatu. Twende kazini kwako nikamshukuru bosi."

"Bosi hayupo."

"Nitamshukuru aliyepo."

"Wageni hawaruhusiwi kuingia."

"Nitasimama getini nimshukuru mlinzi. Mwanangu, nimeendesha lori miaka thelathini. Mama yako alipofariki, bosi wangu alinipa siku moja. Moja! Nilimzika asubuhi, jioni nikawa nyuma ya usukani. Wewe umepewa saba kwa ajili ya baba mkubwa. Watu wenye utu namna hiyo hawaachwi hivihivi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, nilikuwa na stashahada ya maneno. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni: "Subiri nichane nywele."

Njia nzima nilikuwa napanga. Nimwache getini, nikimbie ndani, nibandue tangazo, nimlete Mama Sentimita nje, ashukuriwe, tuondoke. Dakika tano. Watu wamefanya makubwa kwa dakika tano.

Tangazo lilikuwa kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya mlango wa karakana. Nililijua, maana lilibandikwa siku ileile nilipoondoka, na nililipita nimeinamisha kichwa kama mfiwa wa kweli. Sikukumbuka kitu kimoja: ubao una kioo, kioo kina kufuli, na ufunguo anao Bwana Kifungu.

Nikamwacha getini, nikakimbilia ubaoni, nikavuta kioo. Nikachokoa kwa kibanio cha nywele. Kibanio kikavunjika.

"Mlinzi wenu ana heshima sana," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka, nikabandika mgongo kwenye kioo.

"Amenipa daftari niandike jina," baba akasema, anatabasamu. "Akalisoma, akaniangalia. Akalisoma tena. Nikamwuliza kuna tatizo, akasema 'Hapana mzee wangu, pita, pita tu,' na mwenyewe akarudi nyuma hatua tatu. Mnaogopa wazee hapa?"

"Baba, nilisema unisubiri."

"Nimesubiri. Unaficha nini?"

"Sifichi. Nimechoka, nimeegemea."

"Sogea."

"Hapa hapana kitu."

"Sogea, mwanangu. Kichwa chako kimekaa juu ya jina langu."

Nikasogea.

Alisoma kwa sauti, polepole, kama dereva anayesoma kibao cha njia asiyoijua. "Tanzia. Uongozi na wafanyakazi wanasikitika kutangaza kifo cha..." Akayataja majina yake matatu, moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Kilichotokea tarehe tano."

Akafikiri.

"Tarehe tano nilikuwa kwa kinyozi."

"Baba..."

"Hapa wanasema niliugua kwa muda mrefu. Niliugua nini?"

"Kifua."

"Kifua ni cha kaka."

"Ndiyo."

Angenizaba kibao ningeshukuru. Hakunizaba. Alivua kofia, akaikunja, akaishika mbele ya tumbo kama watu wanavyofanya mbele ya jeneza. Na jeneza lenyewe lilikuwa lake.

Ndani, cherehani zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Walikuwa wameniona kupitia mlango. Mama Sentimita akaja mbio, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Mwanangu! Mbona umerudi kabla ya siku? Pole. Pole sana. Tulisimama dakika nzima kwa ajili yake, mashine zote zimezimwa, hata mimi sikuhesabu." Kisha akamwona mgeni, akampima kwa macho kutoka utosini hadi viatuni. "Shikamoo, mzee. Na huyu ni...?"

"Marahaba," baba akasema. "Mimi ni mdogo wake marehemu."

Hakudanganya hata herufi moja. Alitazama moja kwa moja usoni mwa Mama Sentimita, akamwambia kweli tupu, na kweli hiyo ikanifunika kama shuka.

"Ooh, jamani! Pole kwa kumpoteza kaka. Mlifanana?"

"Sana. Watu walikuwa wanatuchanganya."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Basi ujue alilea kweli," Mama Sentimita akasema. "Kola za huyu binti hazina mfano. Nikizipima naona aibu kuzipima."

"Alifundishwa na marehemu," baba akajibu. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, hayakuwa kwangu. "Mimi sikumfundisha kitu."

Alikuwa ananiokoa, na kila neno la kuniokoa lilikuwa linamchuna yeye ngozi. Nilisimama pale namtazama baba yangu akijitoa ubaba wake kipande kwa kipande, mbele ya watu, ili mimi nibaki na kazi. Nami nilinyamaza. Andikeni na hilo kwenye orodha ya makosa yangu.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kusema, "Haya Baba mdogo, twende usichelewe basi," ndiyo, nilisema hivyo, Baba *mdogo*, bila hata kumeza mate, nilipomwona mlinzi anakuja na daftari la wageni kifuani. Nyuma yake, Bwana Kifungu.

"Samahani, mzee," Bwana Kifungu akasema. "Hapa umeandika jina lako?"

"Ndiyo."

"Ni jina lako kweli?"

"Sijawahi kuwa na jingine."

"Basi jina lako limefariki."

"Nimeona," baba akasema. "Nimelisoma vizuri."

Mlangoni mwa karakana vichwa ishirini vilikuwa vimejazana. Mtu akaangusha kopo la vifungo, vikatawanyika sakafuni vikizungukazunguka, na hakuna aliyeinama kuokota.

Tukaingia ofisini wanne: mimi, baba, Mama Sentimita, na Bwana Kifungu na jalada lake. Nikaeleza yote. Sikupamba. Nilipofika kwenye jina nililolikata, Mama Sentimita alijishika shingo kana kwamba utepe umembana.

Bwana Kifungu, nimtendee haki, hakupiga kelele.

"Sitaki kukufukuza," akasema. "Mstari wa kola utasimama, na shule zinafungua mwezi ujao. Kuna kifungu. Mfanyakazi akikiri kwa maandishi na kuomba radhi, anapewa onyo, yanaisha." Akanisukumia karatasi na kalamu. "Andika. Nakiri kwamba marehemu hakuwa baba yangu, alikuwa ndugu tu, na ninaomba radhi kwa kudai kuwa ni baba yangu."

"Nitaandika kwamba niliweka jina la uongo," nikasema. "Hilo naliombea radhi hata kwa magoti. Nimemwandikia kifo mtu aliye hai. Nitaliandika kwa herufi kubwa."

"Jina ni kosa la kalamu. Hata mimi hukosea majina. Kinachokufukuzisha ni uhusiano. Andika kama nilivyosema."

"Andika, mwanangu," Mama Sentimita akanong'ona. "Mstari mmoja tu."

Nikaandika: *Nakiri kwamba marehemu hakuwa*

Kalamu ikagoma.

Sasa niwape yale maneno ya makaburini. Mama mkubwa aliniambia hivi: "Alikuulizia mpaka asubuhi ile. Tukamwambia uko kazini, umenyimwa ruhusa. Akasema, 'Haidhuru. Mwambieni uzi umekataa kuingia kwenye sindano. Mwanangu akisikia hivyo atakuja.'"

Macho ya fundi yalianza kufifia nikiwa darasa la pili. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya shule nilimtungia uzi sindano kumi, nikazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pamba, zimtoshe mpaka nirudi. Siku nilizochelewa kurudi, nilimkuta amekaa, mikono mapajani, sindano tupu mbele yake. Hakumwita mtu mwingine. Alisema, "Nilijua uko njiani."

Safari hii sikuwa njiani. Nilikuwa kwenye kola, kwa sababu nilisema "mkubwa".

"Andika, mwanangu," baba naye akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, begi magotini. "Ni karatasi tu."

"Ni karatasi kama ile ya kwanza, Baba."

"Na tena si uongo." Sauti yake ilishuka. "Baba yako ni mimi. Niko hapa, nimekaa." Akanitazama, jicho limelowa. "Au?"

Neno fupi kuliko yote niliyowahi kusomea.

Nilimtazama. Dakika kumi zilizopita alikuwa ameukana ubaba wake kwa ajili yangu. Sasa alikuwa anaomba arudishiwe kwa mstari mmoja wa wino. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningempa. Lakini ili nimrudishie yeye, ilibidi nimfute yule mwingine mara ya pili, na safari hii mkono wangu haukuwa ukitetemeka hata kidogo. Nisingekuwa na pa kusingizia.

Nikaitoa kastabini mfukoni, nikaivaa kidoleni.

"Alikuwa baba yangu," nikasema.

"Na huyu?" Bwana Kifungu akauliza, akimwonyesha kwa kifuniko cha kalamu.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Jibu lilikuwepo, lilikuwa refu, lilikuwa na upendo na lori na nguo zisizonienea, lakini baba hakulisubiri. Alisimama, akavaa kofia, akachukua begi lake, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Mwanangu!" Mama Sentimita akanishika bega. "Andika hilo neno moja, umkimbilie mzee. Basi lake saa nane. Omba radhi, yaishe!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi.

Nina hatia kwa baba. Nina hatia kwa aliye kaburini. Nina hatia kwa wanawake ishirini na mmoja waliotia sahihi kwenye kadi, na kwa kifungo kile kilichopinda. Ningeweza kuwapigia magoti wote hao, siku hiyohiyo, barabarani, mchana kweupe.

Nikachukua kalamu. Lile neno *hakuwa* nikalikata kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika *alikuwa baba yangu*. Chini yake nikaandika jina la kwanza la baba mkubwa, lile nililolikata wiki iliyopita, herufi zote, nimelikoleza mpaka karatasi ikaacha alama mezani.

"Na radhi kwa kudai kuwa ni baba yako?" Bwana Kifungu akauliza.

Nikamsukumia karatasi yake.

"Siombi."